Barakoa ya Kitambaa Ikishavuliwa, Iwekwe Wapi?

Barakoa ya kitambaa huharibikia mfukoni kuliko usoni. Ikiwa usoni inapitiwa na hewa na mwenyewe anajua iko wapi. Ikishavuliwa ndipo inapoanza safari zake: kidevuni, kwenye usukani wa boda boda, ndani ya sidiria pamoja na noti, chini ya funguo kwenye mkoba, au kwenye kioo cha taksi ambako inaning'inia wiki nzima ikila vumbi. Kisha inarudishwa mdomoni.

Masharti ya kuvaa ya wakati wa korona yalishapita, lakini barakoa zenyewe bado zina kazi. Wanaosaga mahindi Kisenyi, Kampala, wanazihitaji, na abiria wa boda boda kwenye barabara za murram za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakati wa kiangazi pia. Yupo anayemhudumia mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, yupo anayesubiri foleni ya kliniki akiwa na mafua. Nyumba nyingi bado zina barakoa za mwaka 2020, za kitenge au zile zilizogawiwa na serikali, na baadhi yake zingali nzima. Mara nyingi barakoa haimalizwi na kufuliwa. Inamalizwa na saa zile kati ya kuvuliwa na kuvaliwa tena.

Adui mkubwa hapo ni unyevu. Hewa tunayotoa ina mvuke mwingi, na mvuke huo hubaki kwenye kitambaa pamoja na mate, jasho na mafuta ya ngozi. Ukikifungia kitambaa cha namna hiyo mahali pasipo hewa, bakteria wa kinywani wanapata kila wanachotaka: joto, maji na chakula. Siku ya pili au ya tatu kuvu nao wanaanza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niiweke kwenye nini?", uliza kwanza "iko katika hali gani?"

Hali ni tatu. Ya kwanza ni safi: imefuliwa, imekauka, haijavaliwa. Ya pili ni iliyotumika lakini ingali kavu, kama ile uliyoivaa nusu saa ndani ya taksi na unataka kuivaa tena jioni. Ya tatu ni mbichi au chafu: imelowa jasho, mate au mvua, ina vumbi au imedondoka chini. Hali hizi tatu hazikai chombo kimoja, na karibu kila kosa la kuhifadhi barakoa linatokana na kuzichanganya.

Hapa ndipo ushauri wa wakubwa ulipowachanganya watu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema barakoa ya kitambaa isiyo chafu wala mbichi ihifadhiwe kwenye mfuko safi wa plastiki unaofungika. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kikasema iliyo kavu iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na mfuko wa plastiki uliofungwa uwe wa ile iliyolowa, ikingoja kufuliwa. Mtu akisoma yote mawili anaona yanapingana. Kwa kweli kila mmoja analinda kitu chake. Plastiki inazuia uchafu wa nje usiingie na wa ndani usitoke, ilhali karatasi inaruhusu unyevu uondoke. Kwa hali ya hewa ya Kampala, Jinja na ukanda wote wa ziwa, ambako hata nguo za kabatini hushika unyevu Aprili na Novemba, sisi tuko upande wa karatasi na kitambaa kwa barakoa iliyotumika. Barakoa unayoiona kavu baada ya kuvaliwa mara nyingi si kavu. Plastiki tunaiachia kazi mbili tu: kubeba barakoa safi iliyokauka kabisa, na kupeleka iliyolowa nyumbani.

Kuivua na kuikunja

Nawa mikono au tumia kitakasa mikono, kisha shika vitanzi vya masikio peke yake. Usiivute kwa mbele. Iangalie upande wa ndani kwenye mwanga: ukiona doa la unyevu au rangi ya kitambaa imekolea mahali pa mdomo, hiyo imeshakuwa mbichi, iende upande wa kufuliwa. Mwalimu, kondakta, mchuuzi au yeyote anayeongea sana, barakoa yake huwa imelowa kabla ya saa sita mchana. Mtu wa aina hiyo atoke na mbili.

Ikiwa kavu, ikunje katikati mara moja, upande wa nje ukigusana na upande wa nje. Wengi hukunja kinyume, ndani kwa ndani, wakidhani wanaulinda upande wa mdomo. Shida ya kukunja hivyo ni kwamba upande wa nje, uliokusanya vumbi na matone ya watu wengine, unabaki wazi na kusugua kuta zote za mfuko. Kesho yake barakoa safi ikiingia mfuko uleule inakuta urithi. Ukikunja nje kwa nje, uchafu unajifungia wenyewe. CDC ilitoa maelekezo hayohayo kwa wahudumu wa afya waliolazimika kuvaa barakoa moja zaidi ya mara moja.

Kukunja huko kuna sharti lake. Upande wa mdomo sasa ndio unaogusa mfuko, kwa hiyo mfuko lazima uwe safi kama barakoa yenyewe na ufuliwe kila barakoa inapofuliwa. Hapa ndipo watu wanapoanguka: barakoa inafuliwa kila jioni na mfuko unakaa mwezi mzima bila kuona maji.

Iingize vitanzi vikiwa juu, ili ukiitoa uguse vitanzi tu. Na usilambe kidole ili kufungua mfuko, kama tunavyofanya tukihesabu noti.

Mfuko wa kaki wa dukani, ule wa kufungia sukari au unga, unafaa sana, mradi uwe mpya. Andika jina na siku kwa kalamu kabla ya kuweka barakoa ndani, si baada. Mfuko wa karatasi ni wa siku moja. Ukilegea au ukipata mkunjo laini kama kitambaa, umeshanyonya maji, utupe. Gazeti halifai kufungia barakoa, maana wino wake unatoka kwa unyevu na utakuwa unauvuta puani.

Mfuko wa amerikani

Kwa anayevaa barakoa kila siku, mfuko wa kushona ni bora kuliko karatasi. Kitambaa kizuri ni amerikani, ile pamba isiyotiwa rangi, kwa sababu kinachemshwa bila kulalamika, hakitoi rangi na kinapitisha hewa. Kitenge kipya huchuja rangi kikifuliwa mara za mwanzo, na kwenye barakoa nyeupe rangi hiyo itaonekana. Poliesta hainyonyi unyevu, kwa hiyo jasho la barakoa linabaki mumo humo.

Fua kitambaa kwanza kwa maji moto ili kirudi kabla hujakikata. Kata kipande cha sentimita 34 kwa 22. Pinda ncha mbili fupi sentimita 1 kila upande na uzishone. Urefu unabaki sentimita 32. Laza kitambaa upande mzuri ukiwa juu, kunja sentimita 13 kutoka chini kwenda juu, shona pembeni mbili ukiacha sentimita 1, kisha geuza. Unapata mfuko wa upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 13, wenye ulimi wa sentimita 6 wa kufunika. Kingo za ulimi zipinde sentimita 1 na uzishone pia, la sivyo zitachanika nyuzi. Barakoa ya mtu mzima yenye marinda inaingia humo ikiwa imekunjwa, na nafasi inabaki. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 90, urefu wa sentimita 70 unatoa mifuko 8.

Usiweke zipu. Zipu ya chuma inashika kutu na ya plastiki inakusanya uchafu kwenye meno. Velkro nayo inanasa vitanzi na nyuzi. Kifungo kimoja kinatosha, au hata ulimi mtupu ukiingizwa ndani.

Shona mifuko ya rangi mbili, au tia uzi wa rangi kwenye ulimi. Mweupe uwe wa barakoa safi, wenye uzi mwekundu uwe wa iliyotumika. Usitegemee kukumbuka. Saa kumi na mbili jioni kwenye foleni ya taksi, hakuna anayekumbuka.

Iliyolowa inahitaji chombo kisichopitisha maji. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki ya dukani, zile nyembamba za chini ya maikroni 30, zimepigwa marufuku kisheria ingawa bado zinaonekana, na hata hivyo zinatoboka haraka. Bora kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, kama lile la majarini. Linaoshwa kwa sabuni kila jioni na halivuji kwenye daftari za mtoto. Barakoa iliyolowa isilale humo. Ifuliwe siku ileile, na kama maji hayapo, itoe kwenye kopo uitundike peke yake ikauke ikiwa chafu. Chafu iliyokauka ina nafuu kuliko chafu iliyofungiwa ikiwa mbichi.

Kufua kwa ufupi, kukausha kwa urefu

Kufua watu wanakujua. WHO inapendekeza sabuni na maji ya moto yasiyopungua nyuzi 60, angalau mara moja kwa siku. Kama maji ya moto ni ya shida, fua kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha chemsha dakika 1 kwenye sufuria. Wapo wanaohofu kwamba huku juu maji huchemka mapema. Ni kweli kiwango hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo Kampala maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kabale chini kidogo ya hapo. Bado ni juu sana ya 60.

Njia nyingine ni klorini ya asilimia 0.1 kwa dakika 1. Soma chupa. Ikiwa dawa yako ni ya asilimia 3.5, kama Jik nyingi za huku, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 34 za maji. Vijiko 2 vya mezani kwa lita moja ya maji vinakupa kiasi hicho kwa ukaribu wa kutosha. Kisha suuza mpaka harufu iishe kabisa. Klorini iliyobaki kwenye kitambaa, ukiifungia mfukoni, kesho unaivuta yote kwa pumzi moja. Wala usichanganye Jik na siki, dawa ya kusafishia choo au kitu chenye amonia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Sisi klorini hatuipendi kwa kila siku: inakula lastiki, nayo lastiki iliyolegea ni barakoa isiyobana.

Sabuni iliyobaki ni tatizo la kuhifadhi pia. Inavuta unyevu wa hewa, kitambaa kinakuwa na mnato na vumbi linashika. Suuza mara tatu, au mpaka maji yaache kutoa povu ukikamua.

Kukausha ndiko kunakoamua kila kitu. Fungua marinda yote kwa vidole, maana yakikaushwa yamefungwa katikati hubaki mbichi hata nje ikiwa imekauka kama karatasi. Bana kwa vibanio kwenye ukingo wa chini wa barakoa, si kwenye vitanzi. Maji yakivuta vitanzi kwa saa nzima lastiki inarefuka na hairudi. Jua kali ni zuri. Mahali panapochelewa kukauka ni matatu: mshono wa juu wenye waya wa pua, makutano ya vitanzi, na kitambaa cha katikati kama barakoa ni ya tabaka tatu.

Kuna vipimo viwili vya kujua kama imekauka kweli. Gusisha mshono wa juu kwenye mdomo wa juu au shavuni: ukihisi ubaridi, maji bado yapo, kwa sababu yanapokuwa yanaondoka huchukua joto la ngozi. Vidole havifai kwa kipimo hiki, ngozi yake ni nene. Cha pili ni kwa asiyeiamini ngozi yake. Tia barakoa ndani ya mfuko wa plastiki mweupe unaoonyesha ndani, ufunge, uweke juani dakika 10. Ukiona ukungu au vitone upande wa ndani wa plastiki, haijakauka, irudishe kambani. Barakoa inayopita kipimo hiki inaweza kufungiwa kwenye plastiki bila wasiwasi. Isiyopita isifungiwe kwenye chochote.

Majira ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kukausha kunaweza kuchukua siku mbili. Hesabu barakoa zako kwa kufuata hilo. Anayetumia mbili kwa siku anahitaji mbili za kuvaa, mbili zilizoko kambani na mbili safi, yaani 6 kiangazi. Mvua ikianza, kambani zitakuwa nne badala ya mbili, kwa hiyo 8. Anayemiliki mbili tu atavaa mbichi, hakuna njia nyingine. Usizikaushe juu ya sigiri. Moshi na majivu vinaingia kwenye kitambaa, na lastiki inapasuka kwa joto.

Nzi wa embe

Jambo hili haliandikwi kwenye miongozo iliyotoka nchi za baridi, na huku ndilo la kwanza. Nzi wa embe hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini. Mayai yakianguliwa, mabuu hungoja kuguswa na ngozi yenye joto, kisha huingia ndani na kufanya jipu lenye tundu katikati. Kwa nguo ya kawaida jipu hutoka mgongoni au kiunoni. Kwa barakoa ngozi inayoguswa ni ya shavu na mdomo.

Kwa hiyo barakoa isianikwe kwenye majani, ua wa michongoma wala ukuta wa nyumba. Ianikwe kambani, juani, na iingizwe ndani ikishakauka, isingoje giza. Kisha ipigwe pasi pande zote mbili, pamoja na mishono na vitanzi. Joto la pasi ndilo linaloua mayai. Kukauka peke yake hakuyaui. Asiye na pasi aanike ndani ya nyumba, karibu na dirisha lenye wavu.

Pasi nayo ina masharti. Barakoa ya pamba tupu inavumilia joto kali. Ile yenye tabaka la katikati la polipropilini, yaani kitambaa kile kisichofumwa cha mifuko ya sokoni, haivumilii. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160, na pasi ya pamba hufika 200. Weka pasi kwenye joto la chini, tandika kitambaa cha pamba juu ya barakoa, na bonyeza badala ya kusugua. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, basi ijaribu kwanza kwenye kipande cha mfuko wa sokoni: kikikunjamana au kunata, ngoja ipoe. Futa pia kitako cha pasi hiyo na upulize majivu ukiwa mbali na meza. Barakoa nyingi nyeupe zilizofuliwa vizuri hupata alama nyeusi hapo.

Baada ya pasi iache wazi dakika chache ipoe. Ukiifungia ya moto, mvuke uliobaki unageuka maji ndani ya mfuko.

Kabatini

Barakoa safi zikae kwenye kopo au sanduku lenye mfuniko, zimekunjwa, zote zikielekea upande mmoja. Zisikae jikoni, kwa sababu kitambaa hunasa moshi wa mkaa na mvuke wa mafuta ya kukaangia. Zisikae bafuni. Zisikae chini ya godoro, ambako joto la mwili na unyevu vinashuka usiku kucha.

Kubwa zaidi: zisikae na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Nafthalini huvukiza polepole na kitambaa huinyonya, nawe unavaa sumu hiyo puani. Watoto wachanga na watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache katika sehemu zenye malaria kama zetu, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa sababu yake. Dawa ya mende na mafuta ya taa vinafuata sheria hiyohiyo. Hata udi na ubani, pamoja na uzuri wake kwenye kanzu, tungesema barakoa ziachwe nje ya chumba wakati wa kufukiza.

Kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya boksi la viatu kina manufaa kwenye kopo, mradi watoto wasikifikie. Mchele mkavu, ambao wengine wanaupendekeza, unanyonya kidogo sana na unaleta wadudu. Panya na mende hufuata harufu ya mate, hiyo ni sababu nyingine ya kutochanganya chafu na safi kwenye kabati moja.

Barakoa inavyokueleza kosa

Harufu ya uvundo, ile ya nguo iliyolala kwenye beseni, ina maana ilikauka polepole mno au ilifungwa kabla ya wakati. Chemsha, anika juani, na safari hii pima kwa plastiki. Harufu ya uchachu wakati unapoivaa, ambayo hukuisikia ilipokuwa koponi, ni bakteria wa kinywani: pumzi yako imekilowesha kitambaa na harufu imeamka. Hapo sabuni ilipita juu juu, na mara nyingi ni mfuko usiofuliwa ndio unaoirudisha.

Mstari wa rangi ya kahawia kwenye pua ni kutu ya waya. Waya wa kawaida wa kufungia hauwezi kufuliwa kila siku. Badilisha uweke wa alumini au uliovishwa plastiki, na acha mdomo mdogo kwenye mshono ili uutoe kabla ya kufua. 

Vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni kuvu. Usijaribu kuokoa barakoa hiyo kwa Jik. Rangi inaweza kutoka, lakini nyuzi za kuvu zimeshaingia ndani ya kitambaa. Itupe, na kopo lake ulioshe kwa maji moto na sabuni, ulikaushe juani. Mifuko iliyokaa nayo ichemshwe.

Ngozi ikiwasha kwenye mstari wa barakoa, angalia kwanza suuza yako kabla ya kulaumu kitambaa.

Lastiki ikivutwa mara mbili ya urefu wake isiporudi, ibadilishe. Barakoa bado ni nzima. Kitambaa chenyewe kikinyanyuliwa mbele ya balbu na mwanga ukapita kwa vitone, hasa mahali pa mdomo, kimeisha. Kigeuze kitambaa cha kufutia viatu.

Watoto

WHO haikuwataka watoto wa miaka 5 na chini yake wavae. Kwa wa shule, jina lishonwe kwa uzi upande wa nje, karibu na kitanzi cha kushoto, maana kalamu inafutika kwa kuchemsha na barakoa za rangi moja hubadilishana vichwa mapumzikoni. Mfuko usiwe na kamba ya shingoni kwa mtoto mdogo, inaweza kumkaba. Ushikizwe kwa pini ndani ya mfuko wa sare. Mwalimu asikusanye barakoa za darasa kwenye boksi moja wakati wa chakula.

Zisizofuliwa

Ile ya buluu ya hospitali ni ya kutumika mara moja, hatuna la kusema juu ya kuihifadhi. N95 na KN95, zile barakoa nene za kuchuja chembe, ni habari nyingine. Nguvu yake ya kunasa chembe inatokana na umeme tuli uliowekwa kwenye nyuzi za ndani. Sabuni na spiriti huuondoa umeme huo. Barakoa inaonekana vilevile lakini haichuji vilevile. Pasi inaibomoa kabisa.

Anayemhudumia mgonjwa wa kifua kikuu na hapati mpya kila siku anaweza kufuata mpango uliotolewa na CDC kwa wakati wa uhaba. Chukua barakoa tano na mifuko mitano ya kaki, uandike Jumatatu hadi Ijumaa. Kila siku vaa ya siku hiyo, jioni irudishe mfukoni mwake, na usiiguse mpaka wiki ijayo. Mpango huo ulitungwa kwa ajili ya korona: siku zile zinaipa muda wa kukauka na virusi muda wa kufa. Bakteria wa kifua kikuu wanastahimili ukavu muda mrefu zaidi, lakini wakishanaswa kwenye nyuzi hawarudi hewani kwa urahisi. Kwa mhudumu wa mgonjwa huyo faida kubwa ya zamu ni ukavu na kutoishika barakoa ovyo. Mfuko uwe mkubwa kuliko barakoa ili isibonyee, usifungwe kwa plasta wala kwa pini. Kunja mdomo mara moja tu. Mikanda isiingie upande wa ndani wa kikombe, kwa sababu imepita kichwani na mikononi. Usitumie plastiki hapa hata kama mvua inanyesha.

Kila barakoa isivaliwe zaidi ya mara 5. Chora alama ya kalamu kwenye mfuko kila unapoitoa. Kabla ya hapo itupe kama imelowa, imebonyea, imepata damu au makohozi, au mikanda haikazi tena. Ukiivaa, funika kwa mikono miwili, pumua kwa nguvu: ukihisi hewa ikitoka kando ya pua, bonyeza waya upya, na ikiendelea kuvuja, hiyo imekwisha hata kama ni ya mara ya pili.